Unakimbia, Binti

"Unakimbia, binti."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko hata jina langu pale chuoni Moshi, nilikokwenda kusomea muziki upande wa ngoma na ala zote za kupigwa. Mwalimu wetu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu, mama yake Mpare na baba yake mtu wa Pangani, aliyekulia kwenye maulidi akipiga dufu, kisha akaenda kusoma nje na kurudi na miwani minene. Alikuwa anakaa pembeni, mikono juu ya mapaja, kofia yake imenyooka, anasikiliza. Halafu anakwambia taratibu, utadhani anakujulisha kwamba kamba ya kiatu imefunguka: "Unakimbia, binti." Kabla sijarekebisha, anaongeza: "Sasa unachelewa."

Jamani! Nikimbie, nichelewe, nishike lipi? Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwetu Old Moshi wanasema nilipewa pilipili badala ya uji. Siku za mwanzo nilikuwa naweka vijiti chini kwa kishindo na kutazama dirishani mpaka damu ishuke. Mezani kwake kulikuwa na mashine ya mapigo, kidude kidogo tu kinacholia tik, tik, tik bila kuchoka wala kuona aibu. Nilikichukia kile kidude jinsi unavyomchukia mtu anayekusahihisha mbele ya wageni.

Maana mimi sikuwa mgeni wa ngoma. Hilo ndilo lililokuwa likinivuruga. Nimepiga ngoma ya kanisa la kigango chetu tangu nikiwa kidato cha pili. Aliyekuwa akipiga kabla yangu, kaka mmoja wa jirani, alihamia Dar ghafla wiki mbili kabla ya Pasaka, na mwalimu wa kwaya akabaki anazunguka anashika kichwa. Mimi nilikuwa najua nyimbo zote kwa sababu nilikuwa nagonga ndoo za kukamulia mpaka Mama ananifukuza zizini. Nikasema nitapiga. Akinamama wa jumuiya wakacheka: mtoto wa kike akumbatie ngoma kwa magoti mbele ya altare? Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alisema, "Ng'ombe anamkamua kwa magoti hayohayo na maziwa mnakunywa." Basi, yakaisha.

Mwaka huohuo Mama alianguka. Alikuwa anapanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mvua ilikuwa imenyesha, akateleza pale kwenye mfereji chini ya kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, na nyonga ikaumia. Hospitali walifanya walichoweza. Alipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta, na hivyo ndivyo ulivyobaki. Lakini umwambie Mama apumzike? Thubutu! Kila matoleo makubwa, Krismasi, Pasaka, mavuno, alibeba mkungu mzima wa ndizi mshare kichwani mwake mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka altareni. Na alitaka awe wa mwisho kwenye mstari. Mzigo mkubwa unafunga, alisema. Ukimwambia nikusaidie anakutazama kana kwamba umemtukana.

Nayaeleza haya yote sasa kwa mpangilio kana kwamba niliyajua. Sikuyajua. Nilijua tu kwamba mimi ni mpiga ngoma, kigango kizima kinanijua, kwaya inacheza, padre anatikisa kichwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia ninakimbia.

Darasani tulikuwa watano. Niliyekaa naye karibu alikuwa kijana wa Himo, wazazi wake wanauza mahindi na maharage pale njia panda, naye alikuwa anapiga dramu kwenye kanisa la uamsho lenye spika kubwa kama makabati. Huyo alikuwa amezaliwa na kidude cha mapigo tumboni. Mwalimu akiuliza, "Moja iko wapi?" yeye anagonga tu, ndiyo hiyo, haikosi. Moja ndilo pigo la kuanzia, pale mnapotengana na kuzunguka kisha wote mnarudi kukutana. Ukiijua moja umesalimika. Usipoijua, unapiga vizuri peke yako kama mwehu wa sokoni.

Mimi moja yangu haikukaa mahali. Mara iko hapa, mara imesogea. Nikipiga mdundo wa nyumbani, ule wa matoleo, kidude na mimi tunaanza pamoja vizuri kabisa, halafu baada ya muda nasikia kinanicheka kutoka mahali pengine.

"Sista, unazingua," kijana wa Himo alinong'ona siku moja. "Unamwacha jamaa, halafu unamsubiri, halafu unamrukia. Mna ugomvi?"

"Ugomvi ninao na wewe."

"Tulia basi. Hesabu tu. Moja mbili tatu nne."

"Nahesabu! Masikio yako yako wapi?"

Na kweli nilikuwa nahesabu. Hapo ndipo kichwa kilipokuwa kinaniuma. Nilikuwa nahesabu kwa moyo wote, moja mbili tatu nne, na bado hesabu yenyewe ilikuwa inachelewa.

Kilichonitia hofu si kicheko cha mtu wa Himo. Mwisho wa mwaka wa pili kulikuwa na mtihani wa kupiga, mbele ya walimu watatu. Ukifaulu, unabaki na ala yako mpaka mwisho wa shahada. Ukishindwa, unahamishiwa kuimba, na mbinu za kufundisha kwaya za shule. Kuimba! Sauti yangu mimi ni ya kumwita mtu aliye kihamba cha ng'ambo. Na nyumbani Mama alikuwa ameshawatangazia watu wote kwamba mwanawe anasomea ngoma chuo kikuu. Walishangaa, wakauliza ngoma nayo inasomewa, akawajibu kwamba hata kunyoa kunasomewa siku hizi. Nirudi niwaambie nini? Kwamba nilikwenda kusomea kitu ninachokijua nikaambiwa sikijui? Niliitaka ile ngoma. Sikuwa na kitu kingine duniani ambacho nikikishika watu wananipisha.

Nikaamua kumletea Mwalimu ushahidi. Nilikwenda nyumbani mwisho wa juma, nikampa simu binti mmoja wa kwaya arekodi matoleo ya Jumapili ya Utume wa Familia, ambapo Mama alibeba kapu la magimbi. Jumatatu nikaingia ofisini kwa Mwalimu kifua mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na vita leo, nakuona."

"Nimekuja na hii. Sikiliza, useme wapi nakimbia. Watu mia wanacheza hapo, hakuna aliyeanguka."

Akasikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba. Kisha akawasha kidude, akarudia mwanzo, akawa anageuza kitufe chake cha mwendo taratibu ili kifuatane na ngoma yangu. Ikawa kazi. Mwanzoni kilienda sawa. Kisha akapunguza. Akapunguza tena. Akapunguza mpaka kidude kikawa kama kinasinzia, na ndani ya kusinzia huko bado kulikuwa na pigo moja linalochelewa na lingine linalolirukia. Mwishoni kabisa, ghafla, ngoma ikachangamka na kukimbia mpaka wimbo ukaisha.

Alikizima. Akavua miwani.

"Hukosei," alisema. Moyo wangu ukapanda. "Mtu anayekosea, kila mara anakosea kivyake. Wewe unafanya hivihivi kila mara. Kuna kitu unakifuata."

"Kitu gani?"

"Wewe ndiye uniambie. Nani anakuongoza pale? Unamtazama mwalimu wa kwaya?"

"Hapana. Yeye ndiye ananitazama mimi."

"Padre?"

"Aa, padre yuko mbele kule."

"Basi unatazama nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Nikikumbuka nilikuwa naona tu kanisa, watu, kapu, kuku anayepiga kelele, mashati meupe ya kwaya. Sikuona kwamba ninatazama kitu. Nikamjibu kwamba sijui, na nilipolisema hilo neno machozi yakanilenga, nikaghadhibika zaidi. Ninapiga kitu miaka yote hii na mwenyewe sijui ninafuata nini? Huo si uwendawazimu?

"Usilie," Mwalimu alisema. "Ni kizuri. Ningependa kukijua. Lakini mtihani, binti, ni wa kile kidude. Wenzangu wawili hawatafika Old Moshi kukuuliza unafuata nini. Jifunze mwendo ulionyooka kwanza. Hicho kingine kiweke pembeni, hakitaoza."

Basi nikakiweka pembeni, kitu ambacho sikujua hata ni nini. Niliweka kidude cha mapigo kwenye simu, nikalala nacho sikioni. Nikawa natembea nacho kutoka hosteli mpaka sokoni, mguu tik, mguu tik, mama wa parachichi akaniuliza kama niko jeshini. Nilipika nacho. Nikienda nyumbani nilikaa nyuma ya migomba na ndoo yangu, sikio moja kwa kidude na moja kwa dunia, nikapiga mpaka kuku wakazoea. Mama alipita na majani ya ng'ombe akauliza, "Hicho kinacholia kama bomba bovu ndicho mnachosomea?" Nikamwambia ndicho. Akasema basi ni rahisi, hata bomba la katekista lingefaulu.

Na siku ikafika, siwezi kusema lini, nikajikuta sikimbii. Tulikuwa darasani, nilipiga mdundo wa matoleo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kidude kilikuwa ndani ya ngoma yangu, nisikisikie kabisa, na hiyo ndiyo dalili ya kwamba mko pamoja. Kijana wa Himo alisimama akapiga makofi. "Umeua, sista! Umeua!" Mwalimu alitabasamu kidogo. Nilimsubiri aseme kitu. Akasema, "Hukukimbia." Nilifurahi mpaka nikamnunulia yule kijana soda, mimi ambaye nilikuwa nimeapa sitampa hata maji.

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani ilikuwa misa ya mavuno kigangoni. Mwalimu wa kwaya alinipigia simu akasema safari hii tufanye kisomi, nimpangie mwendo, beti tatu, tumalizie pamoja pa! kama kwaya za mjini. Nikapanga. Jumamosi tukafanya mazoezi, tukafunga ubeti wa tatu kwa pigo moja, wote, safi, mpaka wenyewe tukashtuka tukacheka. Jumapili alfajiri nikaenda jikoni kwa katekista kuiotesha ngoma moto, kwa sababu kwetu baridi inailegeza ngozi usiku na bila moto inalia kama gunia. Nikafunga kilemba vizuri. Chini ya kilemba, sikio la kushoto, nikachomeka kisikizio cha simu chenye kile kidude. Niliona aibu kidogo kumwingiza Bwana na mashine mahali pamoja, lakini nilitaka kumwonyesha kila mtu nilichokwenda kusomea.

Matoleo yakaanza. Tik, tik, tik. Nikashuka na ngoma, kwaya ikaingia, watu wakaanza kuingia mlangoni na mizigo yao: kahawa kwenye ungo, magimbi, mtungi wa maziwa, kuku watatu wamefungwa miguu, mahindi ya wale wenye mashamba ya chini. Sikuwatazama. Nilitazama mikono yangu, jinsi ilivyokuwa inatii. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa najisikia mtu mzima. Ubeti wa tatu, mwalimu wa kwaya akanyanyua mikono, nami nikainua mkono juu, na pa! Wote. Pigo moja. Kanisa likanyamaza.

Kwenye ule ukimya nikasikia mtu bado anatembea.

Nikainua macho. Wengine wote walikuwa wameshafika, wameshaweka, wamesharudi kwenye mabenchi. Katikati ya kanisa, peke yake, alikuwa Mama na mkungu wa mshare kichwani, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kitenge. Altare ilikuwa mbali bado. Hakuwa na wimbo wala ngoma. Alikuwa na miguu yake tu juu ya sakafu ya saruji, na miguu ilikuwa inasema: kushoto unaburuta, unachelewa, unachelewa, unakanyaga, na mara tu unapokanyaga, wa kulia unadondoka haraka kuupokea uzito. Unaburuta. Unakanyaga, wa kulia tayari. Unaburuta.

Mungu wangu.

Niliufahamu ule mdundo. Ndio uliokishinda kidude cha Mwalimu kule ofisini. Ndio uliokuwa unachelewa na kukimbia. Ile moja ambayo nimeitafuta miezi yote ile ilikuwa kwenye mguu mbovu wa mama yangu, nayo inafika inapofika.

Ningepiga. Mikono ilikuwa juu ya ngozi, na ngozi bado ina joto. Lakini sikioni kidude kinasema tik, tik, tik, na sakafuni Mama anasema kitu kingine, na mimi sikujua niingie na nani, nikaganda. Bibi mmoja wa benchi la mbele akapiga vigelegele kuziba ule ukimya. Wengine wakamfuata. Mama akafika kwa vigelegele, mkungu ukapokelewa, akarudi bila kutazama upande wa kwaya. Nilichomoa kile kitu sikioni, nikakitia mfukoni.

Nyumbani alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupikia machalari. Nikachukua kisu nikakaa kwenye kigoda chake cha pili. Tukamenya.

"Leo mguu umenikataa mbele za watu," alisema mwishowe.

"Pole, Mama."

"Si wa kupewa pole. Nilidhani umeshapona kwa mambo ya kanisani." Akatupa ganda. "Sikuwahi kukwambia. Mguu huu nyumbani unauma, njiani unauma, usiku ndiyo usiseme. Lakini nikifika pale mlangoni na mzigo wangu, ngoma ikalia, unakubali. Natembea kama zamani. Sichelewi, siachwi. Miaka yote. Nikasema huyu ni Mungu, ananipa mguu wake kwa ile dakika. Nimewaambia mpaka wenzangu wa jumuiya, tumesali kushukuru. Leo sijui nimemkosea nini."

Ningenyamaza. Ni kitu gani kilichonizuia kunyamaza, mpaka leo sijui. Labda niliona anajitafutia dhambi ambayo hana. Labda nilitaka sifa, siwezi kukataa.

"Mama, hujamkosea mtu. Ilikuwa ngoma. Nilikuwa nakungoja."

Kisu kikasimama.

"Sikujua kama nakungoja," nikasema. "Nimelijua leo. Mwalimu alikuwa ananiuliza nafuata nini, kumbe nilikuwa nafuata mguu wako. Leo nimefuata mashine."

Nikatafuta usoni mwake kama ni hasira, au furaha, au ni huzuni, sikuona hata moja iliyokaa.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Akamenya ndizi nyingine. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Basi nimemsumbua Mungu na asante zisizomhusu." Akanyanyuka kwenda kuongeza kuni, na alipokuwa anakwenda niliutazama ule mguu, nikaona aibu kuutazama, nikainamia ndizi zangu.

Jumanne iliyofuata nikafanya mtihani. Watu wangependa niseme kwamba nilipiga mdundo wa Mama mbele ya wale walimu watatu na wote wakasimama. Hapana. Nilitaka kubaki na ngoma. Nilinyoosha mwendo kuanzia pigo la kwanza mpaka la mwisho, na walipokizima kidude kwa sehemu ya pili nikanyoosha vilevile, kwa hofu tupu, nikijizuia kila nilipofika pale mkono ulipotaka kuchelewa. Nilikuwa kama mtu anayepita mbele ya mlango wa nyumbani kwao bila kugeuka. Nikafaulu. Mwalimu ndiye aliyeniletea habari pale uani, akanipa mkono.

"Hongera. Umenyooka kama rula."

"Asante, Mwalimu."

"Na kile kitu? Umekipata?"

"Nimekipata."

"Ni nini?"

Nikamwambia. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo. Nikamuuliza sasa nifanye nini, nipige vipi, maana kichwani mwangu yapo yote mawili na yanagombana. Alinitazama kwa huruma kabisa, yule mzee, akasema, "Hilo mimi sijui, binti." Nilitegemea jibu. Nilimkasirikia njia nzima mpaka hosteli.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Mama alikuwa uani anapepeta maharage.

"Wamekuacha na ngoma yako?"

"Wameniacha."

Akaweka ungo chini, akapiga vigelegele peke yake mpaka ng'ombe akageuka. Akanikumbatia na vumbi lake la maharage. Kisha akarudi kwenye ungo, na bila kuinua uso akasema, "Basi vizuri. Na mimi nimeshafikiri. Kuanzia kesho nitakuwa natoa yai."

"Yai?"

"Yai moja. Halina uzito. Nisikucheleweshe."

"Mama, hunicheleweshi! Beba mkungu wako, nitakungoja. Sasa najua, nitakungoja vizuri zaidi."

"Mtu amesoma, ana mwendo wake, aje aharibiwe na mguu wangu? Thubutu." Ndivyo alivyo, ukimsukuma anazidi kusimama. Nilibishana mpaka nikapandisha sauti, akaniambia nisimfokee, nikaenda kumpa ng'ombe majani.

Kesho yake sikuchomeka kitu sikioni. Simu niliiacha nyumbani kabisa. Niliiotesha ngoma moto, nikakaa mahali pangu, na matoleo yalipoanza nikamkazia Mama macho tangu mlangoni. Alikuwa wa mwisho, kama kawaida, yai limefunikwa na kitambaa kwenye kiganja. Nikapunguza mwendo. Nikamngojea mguu wa kushoto, nikaupa nafasi, nikaupa nafasi kubwa.

Lakini nilipokuwa sijui kwamba namngoja nilikuwa napatia. Sasa nilijua na nikamngoja kupita kiasi, ngoma ikawa nzito kama mtu anayevuta gunia, kwaya wakaanza kukanyagana, mwalimu wa kwaya akanigeukia kwa macho makali. Na Mama? Mama alikuwa anakimbia. Kwa ule mguu! Hatua fupifupi, nyonga inaruka, meno ameuma, kitambaa kinapepea, anawahi mwendo ulionyooka ambao mimi sikuwa naupiga. Kadiri nilivyopunguza, ndivyo alivyoongeza. Midomo yangu ikasema yenyewe, bila sauti, "Unakimbia, Mama."

Alifika kabla ya ubeti wa pili kuisha. Akampa padre yai lake, kisha akageuka, kitu ambacho hajawahi kufanya kanisani, akanitazama, kidevu juu, anahema, anang'aa kwa jasho na fahari, anataka nione kwamba safari hii hakunichelewesha. Nikaitikia kwa kichwa. Mikono yangu bado ilikuwa inapiga polepole hatua ambazo alikuwa ameshazimaliza.